Moto Unaotupwa Nje: Barua Zenu Kuhusu Tabaini ya Gesi na Seli ya Fueli

Toleo lililopita niliandika aya moja tu kuhusu mitambo ya stima inayounganisha tabaini ya gesi na seli ya fueli, nikasema kwa fueli ile ile inaweza kukupa stima karibu mara mbili ya ile unapata kwa tabaini ndogo peke yake, halafu nikaendelea na mambo mengine. Kumbe hiyo aya ndio watu walisoma. Barua zimejaa, kuna mmoja ameandika kurasa nne na michoro juu, na nyingi zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, kwa hivyo nimezikunja pamoja na leo safu yote ni ya hilo jambo.

Habari fundi. Mimi niko mwaka wa tatu, nasomea uhandisi wa mitambo hapa Nairobi. Tabaini tumefundishwa muhula mzima, seli ya fueli tukapewa kurasa mbili. Kuna kitu hakiniingii: kama seli ya fueli ni bora kuliko tabaini, mbona uifunge na tabaini, si utumie seli peke yake? Na kama tabaini ndio bora, seli ni ya nini?
*Mwanafunzi, Kasarani*

Mdogo wangu, hilo ndilo swali lenyewe, ukilielewa hilo mengine yote yanajipanga, kwa hivyo hapa nitakaa sana na wale wengine wanivumilie.

Anza na jiko la makaa. Nyumbani kwetu mama akimaliza kuchemsha githeri hakuwa anazima jiko. Makaa yamebaki chini mekundu, hayawezi kuivisha githeri ingine lakini moto wa kupasha maji ya kuoga upo, basi sufuria ya maji inabandikwa pale na mkaa wa pesa ile ile unafanya kazi mbili. Huo mtambo wa haibridi, yaani wa seli na tabaini pamoja, ni jiko la mama, ila badala ya githeri na maji ya kuoga unapata stima mara mbili, mara ya kwanza kwa seli na mara ya pili kwa tabaini.

Sasa tabaini unaijua, lakini wacha niiseme kwa ajili ya wasomaji wengine. Kuna kompresa mbele inavuta hewa na kuibana, hewa inaingia chumba cha mwako, fueli inachomwa, gesi inapanuka ikiwa moto sana na inasukuma mapanga yanazunguka, shafti inazungusha jenereta. Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba karibu nusu ya nguvu ya mapanga, na mara nyingi zaidi ya nusu, inarudi kuendesha kompresa ile ile ya mbele. Halafu moshi unatoka nyuma bado una nyuzi mia kadhaa, unaenda angani. Ndio maana tabaini ndogo ya kilowati 30 hivi ikikubadilishia asilimia 26 ya fueli kuwa stima imejitahidi. Hiyo hewa yote yenye moto imeenda tu.

Seli ya fueli haichomi, na hapa ndipo wengi hupotea. Ichukulie kama betri ambayo haiishi chaji bora uendelee kuilisha. Aina inayotufaa kwa hii kazi ni ile ya kauri: katikati kuna ukuta mwembamba wa zirkonia iliyochanganywa na itria (zote ni oksidi za metali), upande mmoja unapitisha hewa, upande mwingine unapitisha fueli. Ukuta ukiwa baridi ni kama sahani ya jikoni, haupitishi chochote. Ukiupasha mpaka nyuzi 700 na kupanda hadi 1,000 unaanza kuruhusu oksijeni yenye chaji ivuke kutoka upande wa hewa ikakutane na haidrojeni upande wa pili, lakini elektroni zinakataliwa mlango, inabidi zizunguke nje kwa waya, na huko kuzunguka kwao ndiko stima. Hakuna panga, hakuna pistoni, hakuna kelele. Kinachobaki upande wa fueli ni mvuke wa maji. Kila seli inatoa kama volti 0.7 ikiwa kazini, kwa hivyo ukitaka kufika volti 240 lazima upange zaidi ya seli 340 kwa mstari, halafu kuna inavata ya kuigeuza, manake inatoka ikiwa ya moja kwa moja kama ya betri.

Na huu si uvumbuzi wa jana. William Grove wa Wales alionyesha seli ya haidrojeni na oksijeni mwaka 1839, miaka 100 kamili kabla ya tabaini ya kwanza ya gesi ya kuuza stima kuwashwa pale Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1939, na hiyo ya Neuchâtel ilikuwa megawati 4 na ufanisi wake haukufika asilimia 20. Ile zirkonia yenyewe Walther Nernst wa Ujerumani aliitumia kwa taa mwishoni mwa karne ya 19, ikakaa mpaka 1937 ndio Baur na Preis wakaifanyia seli ya fueli.

Sasa kwa nini zioane. Seli peke yake ina shida mbili. Ya kwanza haiwezi kula fueli yote. Ukiilazimisha imalize kila kitu, zile sehemu za mwisho za seli zinakosa fueli, nikeli ya upande huo inaanza kuungana na oksijeni na seli inaharibika, kwa hivyo unaiachia kama asilimia 15 mpaka 20 ipite bila kutumika. Ya pili, inatoa moto mwingi sana, nyuzi 800 hivi, na ukiutoa nje umerudi pale pale. Tabaini nayo inataka nini? Hewa iliyobanwa na moto. Na ina kompresa tayari, na seli inapenda hewa iliyobanwa kwa sababu presha ikipanda volti yake inapanda kidogo pia. Yaani kila mmoja amebeba kile mwenzake anatafuta.

Kwa hivyo unang'oa chumba cha mwako cha tabaini na mahali pake unaweka seli. Kompresa inabana hewa, hewa inapitia kifaa cha kubadilishana joto inapashwa na moshi unaotoka nyuma, inaingia kwa seli ikiwa tayari moto, seli inatoa stima yake, halafu ile fueli iliyobaki inakutana na ile hewa iliyobaki kwa chumba kidogo inachomeka, gesi inaenda kwa mapanga ya tabaini, tabaini inazungusha kompresa na inabakiwa na nguvu ya kutoa stima ya pili. Wakati mtambo umetulia kazini tabaini haijaongezewa fueli yake hata tone.

Hesabu yake ya haraka haraka: lete fueli ya 100. Seli inatoa 50 kuwa stima. Zile 50 zingine ni moto na fueli iliyobaki, tabaini inaokota 10 mpaka 15 hapo. Uko 60 na kitu, na moshi wa mwisho bado unaweza kukupashia maji. Linganisha na jenereta nzuri ya dizeli, 35 mpaka 40.

Utaniambia kuna mitambo mikubwa ya gesi na mvuke inafika hapo bila seli yoyote. Ni kweli. Nishi-Nagoya kule Japani iliandikwa rekodi ya asilimia 63.08 mwaka 2018. Lakini kile kitengo peke yake kinazidi megawati 1,000, na Kenya nzima saa mbili usiku watu wamewasha kila kitu tunatumia megawati 2,000 na mia kadhaa. Huwezi kukileta kwa hospitali. Haibridi ya seli na tabaini inakaribia ufanisi huo ikiwa na kilowati 250, kitu cha kukaa nyuma ya jengo, na kwangu hapo ndipo uzuri wake wote ulipo. Injini au tabaini peke yake ya udogo huo haifiki ufanisi wa aina hiyo.

Fundi, mimi si msomi lakini nimefanya biashara miaka mingi. Kitu kikiwa kizuri hivyo hukiona sokoni. Hii mbona hatuioni? Kuna kitu unatuficha?
*Mfanyabiashara, Eastleigh*

Mzee wangu sifichi, na umeuliza vizuri.

Kwanza ipo. Mwaka 2000 Siemens Westinghouse waliweka mmoja wa kilowati 220 pale Chuo Kikuu cha California, Irvine, kwa ajili ya kampuni ya stima ya Southern California Edison. Karibu kilowati 200 zilitoka kwa seli na 20 kwa tabaini ndogo, na ufanisi uliopimwa ulifika asilimia 53. Wajapani wa Mitsubishi Hitachi Power Systems wakaja na wao, kilowati 250, mwaka 2015 wakauweka Chuo Kikuu cha Kyushu, na 2019 mwingine ukawekwa kwa jengo la Marunouchi katikati ya Tokyo. Marekani nao kupitia shirika la serikali la ARPA-E walianzisha mpango mwaka 2018 wakiweka lengo la kupita asilimia 70. Kwa hivyo inatembea, ila inatembea polepole, na sababu nitakupa kama navyozielewa.

Kauri. Chukua sahani iko kwa friji uimwagie maji yaliyochemka, inapasuka. Hizi seli ni kauri nyembamba zimepangwa mamia na mamia, na lazima uzitoe kwa baridi ya asubuhi mpaka nyuzi 800 bila hata moja kupasuka, kwa hivyo kuwasha kunachukua masaa mengi na kuzima pia. Kila ukiwasha na kuzima unazipunguzia maisha. Hata zikiwa zimetulia tu zinachoka kidogo kidogo, volti inashuka, na baada ya miaka kadhaa unabadilisha zote, na hiyo ndiyo sehemu ya bei kubwa. Mfanyabiashara kama wewe unajua maana ya kubadilisha injini yote wakati mkopo wa gari haujaisha.

Halafu presha. Ule ukuta wa kauri una hewa upande huu na fueli upande ule, na presha za pande zote mbili lazima zilingane karibu sawa sawa wakati wote. Upande mmoja ukizidi hata kidogo, ukuta unapasuka. Lakini kompresa ya tabaini yenyewe haina subira, mzigo ukibadilika nayo inabadilisha presha kwa sekunde. Umefunga kitu kinachotaka utulivu wa masaa na kitu kinachobadilika kwa kupepesa jicho.

Na ile inayonitia wasiwasi mimi kuliko zote: mzigo ukikatika ghafla. Mnakumbuka usiku wa Agosti 25, 2023, nchi nzima ilizima, mpaka uwanja wa ndege wa JKIA. Tabaini ya kawaida ikipoteza mzigo namna hiyo unakata fueli na moto unaisha pale pale. Kwa haibridi unakata fueli sawa, lakini kuna tani za kauri na chuma ziko nyuzi 800, hewa inaendelea kupita hapo inapata moto, inaendelea kusukuma mapanga, na hakuna jenereta inayoyashika, kwa hivyo tabaini inataka kukimbia kupita mwendo wake. Inabidi uwe na vali za kuitoa hewa pembeni haraka. Tena kwa sababu katikati ya kompresa na tabaini kuna nafasi kubwa imejaa hewa iliyobanwa, kompresa ikilegea kidogo hiyo hewa inarudi nyuma kwa kishindo, mapanga yanapigwa na kurudi, mtambo mzima unatetemeka. Wanaofanya kazi na tabaini wanaiogopa hiyo kitu kuliko moto.

Kuna maabara ya serikali ya Marekani pale Morgantown, West Virginia, walifanya jambo ambalo nalipenda sana kwa akili yake: wakaweka tabaini ya kweli, kompresa ya kweli, mabomba na matangi ya kweli, lakini seli ya fueli ikawa ya kompyuta. Kompyuta inahesabu seli ingetoa moto kiasi gani sasa hivi na bana ya gesi, yaani kichomea, inatoa moto huo huo. Wakikosea namna ya kuendesha, hakuna kauri imepasuka, wanarudia kesho. Ukiuliza kwa nini inachukua muda, ni kwa sababu kazi kubwa iko kwa kuendesha hizo mbili pamoja, vali gani ifunguke lini, na hiyo hujifunzi kwa siku moja.

Asante kwa makala. Nina ng'ombe 40 wa maziwa hapa Ruai, na nina mtambo wa biogesi, gesi inatosha jikoni na nyingine inabaki. Je huu mtambo unaweza kutumia biogesi? Nitapata stima ya kuuza?
*Mama mfugaji, Ruai*

Mama, shikamoo. Biogesi inafaa, kwa kweli inafaa sana, lakini si kwa boma la ng'ombe 40, na nataka nikuonyeshe hesabu mwenyewe usije ukauziwa kitu.

Ng'ombe mmoja wa zero-grezing mavi yake yanatoa kama mita moja ya ujazo ya biogesi kwa siku. Wewe una 40. Kila mita ina nishati kama uniti 6, hizo ni uniti 240 za moto kwa siku, ukigawa kwa masaa 24 una kilowati 10 za moto mfululizo. Hata mtambo wa ufanisi wa asilimia 60 ungekupa kilowati 6, na haibridi zilizopo zinaanzia mamia ya kilowati. Chukua injini ndogo ya biogesi, itakupa kama kilowati 2 na nusu, inatosha mashine ya kukamulia na friji la maziwa ukipanga saa zake vizuri, na maji yanayopoza injini yapitishe kwa tangi upate maji moto ya kuoshea vyombo vya maziwa. Hiyo ya maji moto usiiache, wafugaji wengi wanaiacha na wanaenda kuchoma kuni kuchemsha maji yale yale.

Lakini tukiongea juu ya biogesi kwa jumla kuna uzuri mmoja niwaeleze wasomaji. Seli ya kauri haidai haidrojeni safi. Ukiipa methani pamoja na mvuke wa maji, nikeli ya moto iliyo ndani inaivunja methani yenyewe inatoa haidrojeni na kaboni monoksaidi, na zote mbili ni chakula cha seli. Mvuke unaohitajika seli imeshautengeneza, unauzungusha tu. Tena hiyo kuvunja methani inakula moto, kwa hivyo inaipoza seli kutoka ndani, usingekuwa nayo ungelazimika kupitisha hewa nyingi ya kupoza na hewa hiyo ingelipiwa na kompresa. Na ile kaboni dayoksaidi iliyo kwa biogesi, karibu asilimia 40, ambayo injini inalalamika nayo, seli haina neno nayo.

Adui ni salfa. Ile harufu ya mayai viza kwa biogesi ni salfa, na nikeli ikikutana nayo inashikwa, haifanyi kazi tena. Injini inaweza kuvumilia mamia ya sehemu kwa milioni, seli inataka chini ya moja. Kwa hivyo kabla ya gesi kuingia lazima ipite kwa vichujio vya uhakika, na vibadilishwe kwa wakati. Hata gesi ya mitungi tunayopikia ina salfa, ile harufu imewekwa makusudi ili ujue ikivuja, na ni mchanganyiko wa salfa. Biogesi ya maji taka ya mji ina adui wa pili, vitu vinavyotoka kwa shampuu na vipodozi tunavyooga, vikichomeka vinakuwa unga kama mchanga laini sana vinaganda kwa seli na kwa mapanga ya tabaini.

Kwako hapo Ruai kuna yale mabwawa makubwa ya maji taka ya Nairobi. Mimi nikipita hiyo njia ndiyo nafikiria kila mara. Bwawa la wazi gesi yake inapanda juu inapotea, na methani ikipotea hewani ina madhara makubwa kuliko ingechomwa. Gesi ya mji mzima, inayotoka mchana na usiku bila kupungua, ikifunikwa ikachujwa, hapo ndipo ningeweka haibridi ya kwanza nchini kama ningeulizwa, kwa sababu fueli haikatiki.

Niongeze neno kwa wote wanaopiga bei ya tabaini ndogo, wameniuliza wawili. Nambari iliyoandikwa kwa tabaini imepimwa kwa usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 17 au 18, kompresa inameza hewa kidogo kwa kila mzunguko, na nguvu inashuka karibu kiasi hicho hicho. Mashine ya kilowati 30 ya Mombasa hapa ni ya 25. Ukiambiwa bei kwa kilowati, uliza ni kilowati za wapi.

Kuna jamaa anauza jenereta anasema ni ya seli ya fueli inatumia maji tu, unaweka lita 5 inaenda siku nzima. Ametuonyesha video. Tuchange?
*Kikundi cha vijana, Umoja*

Msichange. Maji ni majivu ya haidrojeni, ni kile kinachobaki baada ya haidrojeni kutumika, na majivu hayawashi jiko. Ukitaka kutoa haidrojeni kwa maji lazima uingize stima nyingi kuliko ile utapata ukiitumia, hakuna njia ya kuzunguka hapo. Kama kweli ndani kuna seli ya haidrojeni basi kuna mtungi umefichwa au kuna kemikali ya metali inayoisha na itabidi ununue ingine, kwa hivyo maji siyo fueli. Mwambieni aiwashe mbele yenu kwa masaa 10 na mzigo wa pasi, mkiwa mmekaa hapo, na mfungue kifuniko. Pesa zenu za kikundi zimetoka kwa jasho, tafadhali.

Mwandishi, kwa heshima, naona tunapoteza muda. Kenya ina mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana, jua na maji. Hatuna hata gesi ya asili. Tabaini za gesi na seli za nini?
*Mstaafu, Kikuyu*

Mzee, kwa sehemu kubwa nakubaliana na wewe. Olkaria tangu 1981 imetubeba, na stima yetu nyingi sana haitoki kwa mafuta, hilo ni jambo la kujivunia. Mtambo wa haibridi haukuja kupigana na Olkaria, na wala haufai kuwa ule wa kuwashwa saa kumi na mbili jioni na kuzimwa saa nne, nimeshaeleza kauri inachukia hayo. Saa hizo za jioni tunategemea mitambo ya mafuta na stima ya kutoka Ethiopia, na ile tabaini ya Muhoroni inayochoma mafuta ya taa ni ghali kweli kuiendesha.

Lakini majirani wetu wana gesi. Tanzania wana ya Songo Songo tangu 2004 na wana ya Mtwara, na Kinyerezi II pale Dar es Salaam, megawati 240, tayari inatumia moshi wa tabaini za gesi kuchemsha mvuke wa tabaini nyingine. Hiyo ni hatua moja tu kutoka kwa haya tunayoongea. Na sisi tuna mkakati wa haidrojeni ya kijani uliozinduliwa Septemba 2023, ikiwa siku moja tutatengeneza haidrojeni kwa stima ya Olkaria ya usiku wa manane ambayo watu hawaitumii, basi kuirudisha kuwa stima kwa mashine ya asilimia 30 itakuwa hasara ya kulia. Vijana wajue mapema.

Na Olkaria yenyewe imetufundisha hili somo la moto. Kule Naivasha shamba la maua la Oserian liliwahi kupasha nyumba za maua usiku kwa joto la kisima cha mvuke. Hao walielewa.

Shikamoo fundi. Nafanya kazi ya matengenezo kwa kiwanda kimoja Industrial Area. Tuna jenereta ya dizeli ya kilowati 400, zamu ya jioni tunaiendesha masaa manne. Hatuwezi kununua hiyo haibridi yako. Lakini nimesoma ile aya nikaangalia eksosi yetu. Kuna kitu naweza kufanya sasa?
*Fundi, Industrial Area*

Marahaba kijana wangu. Barua yako nimeiacha mwisho kwa sababu imenigusa. Miaka mingi iliyopita niliitwa kutengeneza jenereta kwa kiwanda kimoja hapo hapo Industrial Area. Nimesimama nyuma ya ile nyumba ya jenereta, eksosi inatoa moto huwezi kuikaribia, na hatua kumi kutoka hapo kuna kijana ameloa jasho anatupa magogo kwa boila ya kuchemsha maji ya kuosha mitungi. Hatua kumi. Moto umetupwa huku, moto unanunuliwa kule, na kati yao ni ukuta wa mabati. Nikamwambia msimamizi, akasema jenereta ni idara ingine. Sijawahi kusahau.

Sasa hesabu yako. Jenereta yako ikiwa mzigo kamili inakula fueli ya karibu kilowati 1,000. Unapata 400 za stima, kama 300 zinatoka kwa eksosi kwa nyuzi 400 na zaidi, na zilizobaki nyingi zinaenda kwa rejeta. Eksosi huwezi kuchukua yote, ukiupoza moshi chini ya nyuzi 150 mpaka 180 salfa ya dizeli inageuka asidi inakula bomba, kwa hivyo chukulia unapata nusu, kilowati 150. Hizo zinachukua lita 2,000 na kidogo za maji kutoka nyuzi 20 mpaka 80 kila saa. Masaa manne ni lita 8,000 na zaidi, tangi likifunikwa vizuri na blanketi la pamba ya kioo linafika asubuhi likiwa bado moto, na boila inapokea maji yaliyokwisha kupashwa.

Usimpe fundi wa welding akufungie bomba la kujikunja ndani ya eksosi hivi hivi. Uliza kwanza mtengenezaji wa injini anaruhusu presha ya nyuma kiasi gani, manake eksosi ikizibwa injini inakosa pumzi na tabo chaja inaumia. Weka njia ya pembeni yenye vali, ili maji yakikatika moshi upite huko bila kuchemsha bomba tupu. Weka vali ya usalama ya presha kwa upande wa maji, hiyo si ya kujadiliana. Acha mlango wa kusafisha masizi.

Kabla ya kununua chochote funga thamomita kwa eksosi wiki moja, andika nyuzi na mzigo kila nusu saa, andika pia kuni zinazoingia kwa boila kwa siku. Ukimaliza niletee hizo nambari, nitakaa chini na wewe tuzipige pamoja, na ukiruhusu nitazichapisha hapa bila jina la kiwanda.